Taa za mbele zatoa jasho ndani na inspeksheni iko karibu: nikaushe tu ama nifungue?

#1 MwanaTudor
Assalam aleikum. Nina Hiace ya kubeba watoto wa shule. Inspeksheni nishalipia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, na ni wiki ijayo. Tangu masika yaanze taa zote mbili za mbele zaingia ukungu kwa ndani. Ya kushoto ni ukungu mwembamba kwa juu, jua likipanda wapotea. Ya kulia ndiyo yanitia wasiwasi: matone makubwa yameshika kioo, na chini kwenye pembe ya upande wa indiketa kuna maji yametuama. Gari likipanda tuta wayaona yakicheza. Fundi mmoja ataka kutoboa matundu mawili chini ya taa maji yatoke. Mwengine asema nipulize dryer ya saluni asubuhi ya inspeksheni, nipite, basi. Lakini hawa ni watoto wa watu, nawachukua kabla hapajapambazuka. Sitaki karatasi tu, nataka taa imulike. Mwasemaje?

#2 Abuu_Likoni
Waaleikum salaam. Bwana, hii ni hewa ya Mombasa, usitie roho juu. Taa za magari ya siku hizi hazizibwi zikakatwa hewa, zina tundu za kupumulia kwa nyuma. Washa taa kamili nusu saa. Ukungu ukiondoka, taa yako nzima. Langu lafanya hivyo kila masika na inspeksheni lapita.

#3 Fundi_Kisauni
Abuu amesema nusu ya kweli. MwanaTudor, jibu umelitoa mwenyewe ndani ya swali. Gari ni moja, limelala uwanja mmoja, limenyeshewa mvua moja. Lau ingekuwa ni hewa peke yake, taa zote mbili zingefanana. Ukungu mwembamba unaopotea jua likipanda, huo ni wa kupumua. Maji yanayocheza chini, hayo yaliingia yakiwa maji.

Nifanyavyo mimi, naitoa taa yote nje. Kuchungulia chini ya boneti hakutoshi. Naanza na kifuniko cha mpira nyuma ya balbu. Ule mpira una mdomo mwembamba, na ukijikunja mahali pamoja tu, hata kwa upana wa njiti ya kiberiti, maji yanayoteremka kutoka kwenye boneti yapata mlango. Kisha masikio ya taa, pale pa kufungia skrubu. Gari likiguswa kidogo tu kwenye foleni, bampa larudi mahali pake lakini sikio limeshapasuka, na ufa watambaa hadi kwenye kasha. Huuoni mpaka taa iwe mkononi. Mwisho ni gundi nyeusi izungukayo kioo.

Nikibaki na shaka, naziba tundu zote kwa tepu, nabakisha moja ya kupitishia mpira, nazamisha ule ukingo wa kioo ndani ya beseni na kupuliza polepole kwa mdomo. Kompresa sitii, itafungua gundi iliyokuwa nzima. Mapovu yatokapo ndipo palipo na ugonjwa, vile vile watafutavyo pancha ya baiskeli.

#4 Baraka_Mtwapa
Fundi wapuliza taa ndani ya beseni! Nitakuja na simu nikupige picha 😂

Mimi nasema tatizo ni kosha gari. Vijana wa presha wasogeza bomba mpaka karibu na taa kutoa wadudu. Ule mkondo wapenya kwenye gundi. Muulizeni MwanaTudor aosha wapi.

#5 BintiMvita
Nafundisha fizikia, niruhusuni niweke hesabu, kwa sababu #2 na #3 wote wana haki.

Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, jambo la kawaida hapa kwetu, mvuke waanza kugeuka maji juu ya kitu chochote kilichopoa kufikia nyuzi 26 hivi. Nyuzi nne tu! Mvua yoyote ikipiga kioo yatosha. Nairobi hewa ikiwa nyuzi 24 na unyevu asilimia 50, kioo lazima kipoe hadi nyuzi 13 ndipo kitoe jasho. Ndiyo maana mtu ateremka na gari kutoka bara na wiki ya kwanza aanza kulaumu taa.

Pili, taa ikiwaka, hewa ya ndani yapanda tuseme kutoka nyuzi 30 hadi 70. Hewa hiyo yatanuka kama asilimia 13, na ile ziada yatoka nje. Ukizima, taa yavuta hewa kurudisha. Sasa ukiingia dimbwi taa ikiwa moto, yapoa ghafula, yavuta kwa nguvu, na kama kilichosimama mbele ya ufa ni maji, itavuta maji. Kwa hiyo ufa mdogo usiovuja gari likisimama waweza kunywa maji gari likienda. MwanaTudor, njia yako ya asubuhi ina madimbwi?

#6 MwanaTudor
Shukran nyote. Madimbwi yapo, maalim, nazungukia Mikindani na masika haya mwaijua ile barabara. Kosha gari ni nyumbani kwa ndoo, Baraka, sina presha. Jambo jengine ambalo sikulitaja: balbu nilibadilisha mwaka jana, nikatia za LED pande zote mbili kwa sababu za zamani zilikuwa hafifu.

#7 Dereva_Bamburi
Hapo ndipo! Tungeanza na hilo. Balbu ya halojeni, ile ya kawaida yenye waya ndani, ya wati 55 karibu umeme wake wote wageuka joto, na sehemu kubwa ya joto hilo laenda mbele kwenye kioo. Ndilo lililokuwa likikausha ukungu wako bila wewe kujua. LED yatumia umeme kidogo, na karibu joto lake lote latolewa kwa nyuma, kule kwenye chuma chake na feni. Kioo chabaki baridi. Ile nusu saa ya Abuu haifanyi kazi kwenye LED, waweza kuwasha mpaka betri ife.

Tena zile LED zina kisogo kirefu, kifuniko cha mpira hakifungi, fundi akata tundu kubwa katikati ya mpira feni ipumue. Hilo ni dirisha, ndugu yangu.

#8 Abuu_Likoni
Mimi natumia halojeni, Dereva, kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa sahihi kwa gari langu. Na bado nasema kushoto kwake hakuna ugonjwa.

#9 Fundi_Kisauni
Dereva, LED ziko pande zote mbili. Kwa nini maji ni kulia peke yake? Naweza kukubali kwamba mpira wa kulia ulikatwa vibaya zaidi, lakini mpaka tuutazame. Wengine mwampa mtu jibu kabla hajafungua boneti.

#10 Mzee_wa_Makupa
Wanangu, hakuna aliyegusa lile la kutoboa, na ndilo kubwa. Usitoboe. Zamani Land Rover nyingi zilikuwa na taa ya duara, kioo na rifleka (ile sehemu ing'aayo ya kurudisha mwanga mbele) na waya vyote vimezibwa pamoja. Ikiharibika unaitupa, watia nyengine. Haikujua ukungu. Hizi za leo ni kasha la plastiki, na rifleka yake ni utando wa kung'aa mwembamba sana uliopakwa juu ya plastiki. Ukitoboa chini, vumbi la kiangazi laingia, na hewa yetu ina chumvi. Chumvi ikikaa na unyevu juu ya ule utando, waanza kuwa na madoa meusi, kisha wababuka. Rifleka ikishakufa hakuna balbu itakayokuokoa. Nimeona magari ya watu wanaokaa karibu na bahari, kioo ching'ae, ndani rifleka imekuwa kijivu.

#11 Kombo_Jomvu
Mzee heshima yako, lakini hapo tutofautiane kidogo. Kuna taa zimetoka kiwandani zina tundu la kutolea maji chini. Langu nimetoboa tundu moja dogo mahali pa chini kabisa, nikatia kipande cha mpira kilichopinda kuelekea chini na sponji ndani yake. Maji yatoka, vumbi haliingii. Mpaka leo rifleka yang'aa. Kutoboa kwa pupa ndiko kubaya.

#12 Mzee_wa_Makupa
Kombo, tundu lako lina mpira na sponji. Huyo fundi wa MwanaTudor ataka kupitisha drili tu akaenda zake. Si kitu kimoja.

#13 Mama_Zuhura
Mimi nina tuktuk na Probox za kukodisha, nazo zaenda inspeksheni kila mwaka, kwa hiyo nimeona vituko vya getini vya kutosha. Hadithi ya dryer: dereva wangu alikausha taa alfajiri, kioo kikawa safi. Foleni ikawa ndefu, manyunyu yakashuka, kufika zamu yake ukungu umerudi wote. Maji ya ndani hayakuondoka, yaligeuka mvuke tu yakasubiri kioo kipoe. Lakini sikilizeni, gari halikuanguka kwa ukungu. Lilianguka kwa sababu mwanga wa taa moja ulikuwa watazama juu. Mkaguzi ataka kujua taa zote zawaka, zalingana, na mwanga waenda mahali pake. Ukungu wamkera pale unapotawanya ule mwanga, au maji yanapoonekana wazi, maana hapo yeye pia ajua kuna ufa.

#14 Chumvini
Poleni kwa kuingilia. Inspeksheni si ya matatu na malori tu? Sisi wenye magari ya nyumbani yatuhusu nini?

#15 BintiMvita
Chumvini, yakuhusu. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kifungu cha 16, yataja magari ya abiria, ya biashara, na kila gari lililozidi miaka minne tangu kutengenezwa. Wengi wenye magari binafsi hawajawahi kupeleka, lakini maandishi yapo. Na fikiria: gari kuukuu lisilozidi miaka minane ndilo linaloruhusiwa kuingia nchini, na wengi wetu twaagiza yaliyokaribia mwisho wa hiyo miaka. Kwa hiyo lashuka bandarini limeshapita ile minne zamani, na gundi ya taa yake imeshapigwa na jua, baridi na theluji za watu kabla ya kuonja joto letu.

#16 Chumvini
Shukran. Basi na langu nalitazama. La kwangu kioo kimekuwa cha manjano kabisa, dawa ya meno yasaidia?

#17 Dereva_Bamburi
Dawa ya meno yang'arisha juu juu, masika moja tu na umanjano warudi. Kioo hicho ni plastiki ya polikaboneti, kimeungua kwa jua. Msasa wa maji namba 800, halafu 1500, halafu 2000, kisha polishi, na mwisho lazima upake vanishi angavu ya kuzuia jua. Ukiacha hiyo ya mwisho umefanya kazi bure, maana umeondoa na ule utando wa kiwandani. Lakini uzi huu ni wa maji ya ndani, tusimpotezee MwanaTudor.

#18 Kaskazi_Njema
Mie swali langu ni jirani. Jamaa kaleta gari kutoka Dubai, taa kavu kabisa, hazina tone la ukungu, lakini usiku kila anayekuja mbele ampigia taa. Ni ukungu usioonekana?

#19 Fundi_Kisauni
La, hilo si ukungu. Kule huendesha kulia, sisi huendesha kushoto. Mwanga wa chini wa taa umekatwa ili upande kidogo ukingoni mwa barabara kuonyesha waendao kwa miguu. Taa ya Dubai yapandisha upande wa kulia, na hapa kulia ndiko atokako mwenzako. Magari ya Japani hayana shida hiyo kwa sababu nao huendesha kushoto. Mwambie jamaa atafute taa za upande wetu, kuzishusha tu hakutoshi.

Na kwa wote, pimeni mwanga kabla ya kwenda. Simamisha gari mahali pa sawasawa, mita 10 kutoka ukutani, upepo wa magurudumu uwe sawa. Pima kutoka chini hadi katikati ya taa, weka alama hiyo ukutani, kisha mstari mwengine sentimita 10 chini yake. Mwanga wa chini uishie karibu na huo mstari. Ukiona ukingo hauna mpaka, umetapakaa ukuta mzima, basi ama ni ukungu, ama ni LED iliyotiwa kwenye rifleka ya halojeni. MwanaTudor, lifanye hili usiku wa leo, kila taa peke yake, nyengine uifunike kwa kitambaa.

#20 Baraka_Mtwapa
Na mchele je? Bibi yangu alitia simu kwenye mchele ikapona.

#21 Mama_Zuhura
Mchele tuachie pilau, Baraka. Tumia silika jeli, zile punje zijazo kwenye masanduku ya viatu. Lakini vifuko viwili havifui dafu kwa taa kubwa, na vikishashiba unyevu havinyonyi tena mpaka uvikaushe kwenye oveni. Navyo ni vya baada ya kuziba, si badala ya kuziba. Na visiguse balbu.

#22 Kombo_Jomvu
Ya kuziba nayo yataka angalizo. Ile silikoni ya bei rahisi inayonuka siki, usiizungushe kwenye taa. Mvuke wake wa asidi waingia ndani na kuchafua rifleka na kioo. Ama utumie isiyonuka siki, ama uifungue kwa moto mdogo utie gundi nyeusi mpya.

#23 Abuu_Likoni
Nimezungusha hiyo inayonuka siki kwenye taa ya pikapu na haikufanya lolote.

#24 Kombo_Jomvu
Uliiacha wazi ikauke kwanza kabla ya kurudisha balbu na kifuniko?

#25 Abuu_Likoni
Ndiyo, ilikaa juani kutwa.

#26 Kombo_Jomvu
Basi mvuke ulipata njia ya kutoka. Watu wengi hufunga siku hiyo hiyo.

#27 MwanaTudor
Nimerudi. Nimefanya la ukuta jana usiku na asubuhi nimetoa taa ya kulia. Ukutani, ya kushoto ina mpaka, si mkali sana lakini upo. Ya kulia haina mpaka kabisa, mwanga umepanda mpaka kwenye dirisha la jirani. Mpira wa nyuma, Dereva ulisema kweli, umekatwa kwa kisu, na zote mbili zimekatwa sawa. Lakini Fundi naye: kwenye sikio la chini la taa ya kulia kuna mstari mwembamba, nikipitisha ukucha wakwama. Waenda kuelekea ile pembe ya maji. Ndani ya rifleka kuna alama nyeupe kiasi cha kucha, nikifuta kwa pamba haitoki, na sikuendelea kuisugua.

#28 Dereva_Bamburi
Mpira uliokatwa! Nilisema. Rudisha halojeni na mpira mzima, utaona.

#29 Fundi_Kisauni
Na ufa je? Kushoto mpira umekatwa vivyo hivyo na hakuna maji. Vizuri umeacha kusugua, ule utando hautaki pamba hata kidogo. Suuza ndani kwa maji yaliyotoneshwa (distilled), geuza taa yamwagike, kausha kwa upepo wa feni. Dryer ukiitumia iwe ya joto dogo na mbali, plastiki yapinda.

#30 BintiMvita
Naona mwabishana ni mlango upi, na gari lina milango miwili. Ufa waleta maji akipita dimbwini, LED yazuia yasikauke. Hata hivyo siwezi kusema kwa uhakika kwamba ufa huo ni mkubwa kiasi cha kunywa maji hayo yote. Jaribio la beseni lingetuambia.

#31 Pwani_Spea
Mimi niko kwenye spea. Kabla hajahangaika na ufa, je taa ya kulia ni ya asili? Tazama nyuma ya kasha kama maandishi ya kampuni yapo yafanana na ya kushoto. Taa nyingi za kuiga gundi yake huwa chache pembeni, na tundu la kupumulia halina kile kitambaa chepesi kinachopitisha hewa na kuzuia maji. Hiyo yaweza kueleza kila kitu bila ufa na bila LED.

#32 MwanaTudor
Nimetazama. Ya kushoto ina maandishi ya Koito, kampuni ya Japani itengenezayo taa, ya kulia haina jina, ina namba tu. Gari nililinunua hivyo. Kwa hiyo huenda liliwahi kugongwa.

#33 Abuu_Likoni
Sasa ndipo yamezidi. Lakini kushoto nilisema ni hewa, na hakuna aliyenipinga 😂

#34 Mzee_wa_Makupa
Hakuna aliyekupinga, Abuu, pumzika. MwanaTudor, mwanangu, siku zilizobaki zatosha. Kama mfuko waruhusu, tafuta taa ya kulia ya asili hata iliyotumika, uikague sikio na rifleka kabla hujalipa. Kama hauruhusu, ziba ufa, rudisha mpira mzima na halojeni pande zote mbili, upime ukutani tena. Lakini lile doa jeupe kwenye rifleka likae akilini.

#35 Kaskazi_Njema
Tahadhari moja kwa watakaosoma baadaye: gari lenye taa za xenon, msifungue bila kukata betri. Kuiwasha hutaka umeme wa maelfu ya volti, na maji yakifika kwenye kile kisanduku cha chini kinachozalisha umeme huo ni hatari. Na balbu ya halojeni msiishike kioo chake kwa vidole, mafuta ya mkono huiua mapema.

#36 Fundi_Kisauni
Ahsante kwa hilo, nilisahau kulitaja. MwanaTudor, niletee Jumamosi baada ya alasiri, beseni liko tayari. Baraka akitaka na aje na simu yake.

#37 Dereva_Bamburi
Jaribu kwanza na LED zikiwa ndani, Fundi, halafu uzitoe. Tuone nani aliyesema kweli.

#38 Mama_Zuhura
Nami naja na tuktuk. Taa ya nyuma yaingia maji, soketi imeota kutu ya kijani, na hiyo haina LED, haina ufa, wala haijagongwa.

#39 Pwani_Spea
Mama, ile raba bapa ya kati ya taa na bodi ipo? Fundi wengi huitupa wakibadilisha balbu.

#40 Mama_Zuhura
Ngoja nikatazame, gari bado liko stejini.